Tega, Nitegue

"Sifuri!" Rodel alisema, na neno lile likamtoka kama mfupa wa samaki uliokwama kooni. "Nusu fainali nzima, Justina. Wenzako wanaanguka kushoto na kulia, wewe pale ubaoni una sifuri. Hujampiga hata mtu mmoja. Hata kwa bahati mbaya!"

Justina Plett alikuwa ameegemea ukuta wa korido, nje ya ukumbi wa mashindano ya mchezo wa kompyuta, kikombe cha chokoleti ya moto kikimuunguza viganja. Hakumtazama usoni. Alijua akimtazama atalainika. Macho ya Rodel Manalastas yalikuwa na ubaya wao huo: hata mwenyewe akiwa amefura kwa hasira, kule pembeni mwa jicho kicheko hakihami.

"Tumeshinda lakini," alisema.

"Tumeshinda kwa mbinde!"

"Kushinda kwa mbinde nako ni kushinda. Na nani aliyekurushia moshi ukapita darajani bila kuonekana? Na nani aliyemfunga Wes bandeji mara tatu?"

"Wewe."

"Ehe."

"Na nani," Rodel akasogea hatua, sauti ikashuka, "aliyekuwa anarukaruka juu ya meza ya muuza samaki, bunduki mgongoni, anaimba?"

"Mimi."

"Kwa nini, Tina?"

"Meza ilikuwa nzuri."

Chini yao, kwenye uwanja wa barafu, wazee wa mji wa Steinbach walikuwa kwenye mchezo wao wa Jumamosi, wanasukuma mawe na kuyafagilia njia, na sauti zikapanda kupitia sakafu: "Fagia! Fagia! Fagia, we Henry, umelala?" Siku nyingine wangecheka wote wawili. Leo Rodel alijipitisha mkono usoni, akashusha pumzi.

"Fainali inaanza sasa hivi. Tukishinda tunakwenda Calgary, kwenye mashindano makubwa. Unajua nimeisubiri Calgary tangu lini? Kuna watu wanacheza kupitisha muda, sawa, siwalaumu. Na kuna watu wanacheza kwa akili: kila mtu ana kazi yake, kila kona ina jina lake, watano wanafikiri kama kichwa kimoja. Sasa mimi na wewe sijui tunakutania wapi."

"Tulikutania zizini," Justina alisema polepole.

"Sifanyi mzaha."

"Hata mimi."

"Unafanya! Kwako kila kitu ni mchezo."

"Huu *ni* mchezo, Del! Siku ukiacha kuwa mchezo, mimi natoka."

Rodel akamkazia macho. Kile kicheko cha pembeni kikahama kweli.

"Na kesho?" Rodel aliuliza. "Nikiwa nimekaa mezani kwenu mbele ya baba yako, ananitazama kama mwizi wa ng'ombe, wewe utakuwa wapi? Juu ya meza ya samaki?" Akageuka kwenda ukumbini. Mlangoni akasimama, akasema bila kugeuza uso, "Labda kesho nisije."

Akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, kama milango ya kumbi inavyojifunga, na hiyo ilimuuma Justina kuliko kama angeubamiza.

Hiyo kesho yenyewe ilikuwa imemgharimu. Kwao, Jumapili alasiri ni faspa: mikate midogo ya mviringo yenye kichwa juu, jibini, jamu, kahawa, na watu. Mgeni wa kiume akialikwa faspa na binti wa nyumba, hakuna anayeuliza amekuja kwa ajili ya nini. Na mzee Abram Plett alikuwa amekwisha kusema, kofia mkononi, palepale jikoni: "Mtu anayecheza kuua watu haketi kwenye faspa yangu. Babu yangu aliacha shamba na nyumba na kaburi la mama yake nchi ya mbali, akavuka bahari, kwa sababu alikataa kushika bunduki. Halafu kitukuu wake anishikie bunduki ya kwenye kioo?"

Ni Oma, mama yake mzee Abram, aliyemwokoa. Alikuwa anakanda unga, hakuinua hata kichwa. "Abram, huwezi kumkataa mtu ambaye hujamwona anavyokula. Aje."

Mzee Abram alitazama dari, akatazama buti zake. "Na yo," akasema, akatoka kwenda kukamua.

Sasa hilo "na yo", kwa watu wa Steinbach, ni neno lisilo na mfupa. Laweza kuwa ndiyo. Laweza kuwa hapana. Laweza kuwa kwaheri, au Mungu nipe subira. Justina ameishi na baba yake miaka yote na bado humtazama usoni kwanza ndipo ajue ni lipi. Safari hii uso ulikuwa umekwisha kutoka nje.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia baba yake wala Rodel. Ile sifuri haikuwa uvivu. Siku ya kwanza alipouwasha mchezo ule, baada ya kukamua, mikono ikinuka maziwa, aliona mtu mdogo wa kwenye kioo anapita mbele yake, akaweka kidole kwenye kitufe, na kidole kikagoma. Alimwona babu wa baba yake, na ile picha yake ya ukutani yenye ndevu. Akaachia kitufe, yule mtu akapita zake. Tangu hapo Justina hakuwahi kumpiga mtu risasi. Alirusha moshi, alifunga bandeji, alibeba mikoba ya wenzake, na watu walipoanza kumuuliza, akaanza kuruka juu ya meza na kuimba. Mtu akishakuona mcheshi hakuulizi tena. Kwa baba yake yeye alikuwa mpiga bunduki, kwa Rodel alikuwa mpiga porojo, na ukweli ulikaa katikati peke yake.

Na mazoea yake ya kutega vitendawili yalianzia hukohuko. Usiku wa kwanza aliposhirikishwa kwenye timu ya Rodel, asimjue yeyote, alisema kwenye kipaza sauti: "Kitendawili!" Kimya. Halafu sauti moja nzito, ya mtu aliyeudhika, ikajibu: "Tega, basi, tumalize." Hiyo ndiyo sauti aliyokwenda kulala nayo. Miezi ikapita hawajaonana, mpaka kiwanda cha madirisha kikaleta fundi kubadilisha dirisha la zizi. Justina alikuwa nyuma ya ng'ombe, anamtegea kitendawili, maana yule ng'ombe hakubali kukamuliwa bila maneno. Nyundo ikanyamaza. "Samahani, dada," sauti ikasema kutoka dirishani, "hiyo sauti yako naijua." Akainua macho, akamwona kijana wa nywele nyeusi, vumbi la mbao kwenye kope, ameshika fremu ya dirisha kama picha na yeye mwenyewe ndani yake. Ng'ombe akapiga teke ndoo. Hakuna aliyeijali ndoo.

"Tina!" Wes Klippenstein alichomoza kichwa mlangoni. Wes alikuwa mwenzao mwenye mwili mkubwa na moyo wa kifaranga. "Unakuja au tumweke Henry wa huko chini?"

"Nakuja."

"Mmegombana?"

"Hapana."

"Kapteni amekunywa kahawa yangu yote na hata hakugundua kwamba si yake. Mmegombana."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Meza mbili ndefu, timu yao huku, timu ya mji wa Brandon kule, kompyuta zimepeana migongo. Hedifoni zilikuwa za kuazima, nyembamba kama ganda la yai, na kila aliyepiga kelele alisikika hadi kwa wauza soseji. Justina aliketi kwenye kiti chake, pembeni ya Rodel kama kawaida. Magoti yao, ambayo kwa kawaida yaligusana chini ya meza, leo yaliachana nafasi ya mtu mzima.

Mchezo wenyewe kuueleza ni rahisi. Kuna mji wa magofu. Watano wanatega bomu, watano wanawazuia, halafu mnabadilishana. Likilipuka, wategaji wameshinda. Likiteguliwa, wamepoteza. Atakayefikisha raundi saba kwanza ndiye mshindi.

Raundi ya kwanza Brandon wakachukua. Ya pili wakachukua. Ya tatu Rodel alipanga mtego wa hali ya juu, na sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi: "Wes, Kisima. Mapacha, Soko. Mimi Mnara." Mapacha wa kina Reimer, ambao huwa hawasemi hata jambo, walitikisa vichwa wakaenda. Brandon wakawakuta wote wanne kama waliotumiwa mwaliko.

"Wanajuaje?" Wes alilia. "Wana macho kisogoni?"

 Taya la Rodel lilikuwa linacheza. Justina alimtazama kwa pembeni, akaona ule mkono wake wa fundi umekikaba kipanya, na hasira yake yote ikamwagika kama ile ndoo. Alitamani kuushika. Hakuushika.

Lakini kwa kuwa yeye ndiye asiyekuwa na shughuli ya kulenga shabaha, masikio yake yalikuwa huru, na kutoka upande wa pili wa kompyuta alimsikia kapteni wa Brandon, kijana mrefu aitwaye Tanner, akisema bila haraka: "Wanakwenda Kisima. Wawili Soko."

Majina ya kona za mji ule kila mchezaji anayajua. Mnara ni Mnara, Winnipeg mpaka Calgary. Justina akamwinamia Rodel, nywele zake zikamgusa bega.

"Wanatusikia, Del. Unavyotaja tu, wamefika."

Alinusa sabuni yake. Rodel naye, bila shaka, alinusa ng'ombe. Akajibu, "Basi tunyamaze."

Wakanyamaza. Kimya kikawageuza watu watano wasiojuana. Wes akampiga risasi pacha mmoja. Brandon nne, wao bila.

"Haya," Justina alisema peke yake. Akavuta kipaza sauti mdomoni, na raundi ilipoanza akapaza sauti kama anayeita ndama: "Wawili kwenye foleni ya kukamua! Mmoja anakunywa kwenye birika la ndama!"

"Nini?" Wes akauliza.

"Nini?" Tanner akauliza, upande wa pili.

Hayo yalikuwa majina yake yeye, aliyokuwa akiyatumia tangu siku ya kwanza kwa mzaha, kwa sababu ule mji aliuona kama shamba lao. Ujia mrefu ulikuwa foleni ya kukamua. Kisima kilikuwa birika la ndama. Soko lilikuwa kwa Tante Susch, shangazi yake, kwa vile makelele hayaishi pale. Rodel alikuwa amemkaripia kwa majina hayo mara nyingi. "Zungumza lugha ya mchezo, Tina."

Sasa akangoja akaripiwe.

"Wes, geuka kulia, subiri," Rodel alisema papo hapo, wala hakusita. "Mapacha, mmoja ateremke ngazi, mmoja abaki. Watatoka mmoja mmoja. Tina, moshi."

Wakatoka mmoja mmoja. Raundi ikawa yao.

Justina aligeuka kwa kasi hadi waya wa hedifoni ukaangusha kikombe. "Umejuaje?"

Rodel alikaza macho kwenye kioo. Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya. "Tazama mbele."

"Umejuaje foleni ya kukamua ni wapi?"

"Ulisema mwezi wa tisa. Ulikuwa unamwambia Wes. Tazama mbele, Justina."

Mwezi wa tisa! Moyo wake ulidunda mpaka akaogopa hedifoni zitaupeleka kwa Brandon. Akapaza sauti tena: "Wapo kwa Tante Susch!"

"Anawaachia waondoke, au bado anaongea?" Rodel akauliza.

Wes akaacha kipanya. "Kapteni ametania! Jamani, mmesikia? Andikeni mahali!"

Ukumbi ukaanza kuchangamka. Nne kwa mbili. Nne kwa tatu. Wauza soseji wakaacha soseji. Brandon walikuwa wanarushiana maneno wao kwa wao: "Jikoni kwa Oma ni wapi?" "Nijue mimi? Oma nani?" Tano kwa tano. Wes, kwa furaha, akasahau akapiga kelele "Mnara! Mnara!" na Brandon wakammalizia palepale, sita kwa tano, akajipiga kofi mdomoni mwenyewe. Kisha sita kwa sita, na chini ya meza, pasipo mtu kupanga, goti likarudi kwenye goti.

Ndipo Justina alipoinua macho na kumwona baba yake.

Mzee Abram alikuwa amesimama mlangoni na buti zake za zizini, kofia kichwani, mikononi amekumbatia ndoo iliyofunikwa taulo safi. Oma alikuwa amemtuma alete mikate ya watoto. Oma hatumi mikate bure. Mzee alikuwa anatazama kioo kikubwa cha ukutani, ambapo watu wa rangirangi walikuwa wanakimbia na bunduki, na juu yao jina la ukoo wake, PLETT, limeandikwa kwa herufi za taa.

"Baba yangu," Justina alinong'ona.

"Wapi?"

"Mlangoni. Mwenye ndoo."

Rodel alimwona. Rangi ikamtoka. "Tunaacha?" aliuliza kwa sauti ya chini, na hakuwa anatania. Justina alielewa anachompa: Calgary, fainali, vyote, mikononi mwake. 

"Hapana," alisema. "Tega, nitegue."

Raundi ya mwisho ikaanza, Brandon wanatega. Pacha wa kwanza akaanguka. Wa pili akaanguka akiwa amewaondoa watatu, ile kazi ya maisha yake, na wala hakusema kitu. Wes akafa akiomba msamaha. Wakabaki wawili kwa wawili: Justina na Rodel, Tanner na mwenzake. Na bomu lilikuwa limekwisha kutegwa, linalia ti, ti, ti.

Justina alitambaa nyuma ya ukuta, akatokeza. Tanner alikuwa mbele yake, hatua chache, amempa mgongo wote. Kipofu angempiga.

"Piga!" Wes alipiga kelele. "Tina, piga!"

"Piga!" ukumbi ukaitikia. "Piga! Piga!"

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Calgary ilikuwa kwenye kitufe. Alihisi baba yake anatazama, na yule mzee wa ndevu wa ukutani anatazama, lakini hakuwa anawafikiria wao. Kidole kilikuwa chake mwenyewe, na kilisema kilichokuwa kinasema tangu mwanzo.

"Siwezi, Del," alisema, sauti ikipasuka. "Sijawahi. Sitawahi. Si uvivu, nisamehe, mimi kupiga siwezi."

 Alisikia pumzi ya Rodel kwenye hedifoni, karibu kuliko ubavuni mwake. Na alisikia, aliapa baadaye kwamba alisikia, mambo yote yakipangana kichwani mwa Rodel: sifuri, moshi, bandeji, nyimbo, meza ya samaki.

"Usipige," Rodel alisema. "Wewe tegua. Liko wapi?"

Angesema Mnara, Tanner angegeuka. Na jina la mnara, katika majina yake yote, ndilo lililokuwa halijateguliwa. Lilikuwa kitendawili, alikitega majira ya joto: *Mama yangu mrefu, hulishwa kwa mdomo wa juu, hutapikia mguuni, wala hashibi.* Wes alijibu "mjomba wangu siku ya arusi". Mapacha hawakujibu. Rodel alisema, "Tuangalie mchezo."

"Liko kwa mama yangu mrefu," Justina alisema. "Mguuni."

"Ghala lenu la majani," Rodel akajibu kwa upole, kama mtu anayesema jambo la kila siku. "Lile la zege, kando ya zizi. Nililiona siku ya dirisha, nikasema ndilo hili. Nimekuwa nalo jibu tangu siku ile, Tina. Subiri nikuite."

Kisha Rodel Manalastas, mtu wa kila kona na jina lake, akafanya jambo ambalo Steinbach wanalisimulia mpaka leo. Akakimbia hadi sokoni, akapanda juu ya meza ya muuza samaki, akaanza kuruka. Aliruka akipiga sufuria kwa kitako cha bunduki, ka! ka! ka!, na kwenye kipaza sauti akaimba wimbo wa Justina, wote, hadi ile sehemu ya kumwiga ndama, kwa sauti mbaya ambayo Mungu hakuikusudia kuimba.

"Yule amepatwa na nini?" Tanner aliuliza. Akageuka. Mwenzake akageuka. Wakamwendea wote wawili, maana nani angeacha nyama kama ile?

"Tegua!" Rodel akaita katikati ya wimbo.

Justina akapiga magoti mguuni mwa mnara. Kutegua kunataka mtu atulie, aweke bunduki chini, mikono yote kwenye nyaya. Alitulia kuliko alivyowahi kutulia kanisani. Ti, ti, ti. Akasikia risasi zinamkosa Rodel, wimbo unaendelea. Ti, ti, ti, ti. Risasi zikampata, wimbo ukakatika. Buti za Tanner zikarudi mbio, Wes ameuma kofia yake, tititititi—

Kimya.

Bomu limeteguliwa.

Halafu ukumbi ukapasuka. Wes alimbeba pacha mmoja, akamweka chini, akambeba wa pili. Yule wa pili akasema, "Vizuri," na watu wakageuka kumtazama. Huko chini wazee wa mawe wakagonga dari kwa mafagio yao kuuliza kuna nini.

Justina hakusikia. Alikuwa amevua hedifoni, Rodel amevua zake, wamegeuziana viti.

"Kwa nini hukuniambia?" Rodel aliuliza.

"Ungeniondoa kwenye timu."

Akafikiri. "Ningekuondoa, kweli. Halafu ningekuwa mjinga wa kwanza Manitoba nzima."

"Na wewe kwa nini hukuniambia unayajua majina yangu yote?"

"Ungejua." Akatazama viganja vyake. "Ungejua kwamba kila ukinyamaza narudia maneno yako. Kapteni gani huyo?"

Kivuli kikawaangukia, na harufu ya zizi na ya mikate ya moto. Mzee Abram alikuwa amesimama juu yao, macho bado kwenye ubao wa ukutani.

"Pale kando ya jina letu," alisema, "ile namba ni ya nini?"

"Ya niliowapiga, Baba."

"Pameandikwa sifuri."

"Ndiyo, Baba."

"Leo tu?"

"Siku zote."

Mzee alihamisha ndoo mkono wa pili. Kidevu chake kilikuwa na kazi ndogo ya kujizuia. Rodel alikuwa amesimama wima kama fremu, kisha, kwa vile hakujua kingine, akafanya alivyolelewa na mama yake kuwaamkia wazee: akainama, akautwaa mkono wa mzee, akaugusisha kwenye paji la uso wake.

Mzee Abram alishtuka. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Akautazama mkono wake kama umerudishwa kutoka safari. Kisha akamkazia macho kijana.

"Wewe si yule wa dirisha?"

"Ndimi, Bwana Plett."

"Halipitishi upepo lile dirisha."

"Nilizungushia sufi mara mbili. Nilisikia ng'ombe wa upande ule anashikwa na kifua."

"Anashikwa na kifua," mzee alikubali. "Nani alikwambia?"

Jicho lilimponyoka Rodel kumtazama Justina, na mzee akaliona lilikokwenda. Kicheko kile cha pembeni kilikuwa kimerudi nyumbani.

"Kitendawili," Rodel akasema, akimgeukia Justina.

"Wewe? Tega!"

"Natengeneza madirisha mchana kutwa, lakini moja tu ndilo nililotazamia ndani nikashindwa kuondoka."

Alijua jibu. Wes alijua jibu. Ng'ombe wa upande ule alijua jibu. Lakini Justina alitaka kuusikia mchezo mpaka mwisho, akainua mabega. "Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Winnipeg."

"Nimezaliwa huko. Sitaki."

"Nakupa Calgary!"

Wes akashika moyo. Rodel akatikisa kichwa, anatabasamu. "Calgary tunakwenda watano, nimekwisha kuipata. Nipe mwingine."

Justina akavuta pumzi, akamtazama baba yake, akamrudia Rodel. "Nakupa Steinbach. Meza ya Oma, kesho, saa kumi alasiri."

"Huo nimeupokea," Rodel alisema. "Jibu lake ni wewe."

Wote wakamgeukia mzee Abram. Mzee akaondoa taulo, akachagua mkate mmoja mkubwa kuliko wenzake, akampa Rodel mkononi, akasimama kumtazama anavyokula. Alikula wote, na makombo akayaokota. Mzee akaiweka kofia yake sawa kichwani.

"Na yo," akasema.

Na Justina, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuhitaji kumtazama usoni.